Uso wa Nyumba na Mgongo Wake

Katika mji wa Bath, upande wa magharibi wa Uingereza, iko safu ya nyumba 30 zilizoungana na kupinda kama hilali. Safu hiyo huitwa Royal Crescent, nayo ilijengwa kati ya mwaka 1767 na 1775 kwa mchoro wa msanifu John Wood mdogo. Juu ya ghorofa yake ya chini zimesimama nguzo 114 za mawe ya rangi ya asali, zote za kimo kimoja, na baina ya nguzo na nguzo madirisha yamepangwa kwa hesabu moja tangu mwanzo wa safu hadi mwisho wake, hata anayezitazama kutoka uwanjani hudhani kuwa ametazama kasri moja ya mfalme mmoja. Lakini mtu huyohuyo akikubali taabu ya kuzunguka nyuma ataona jambo jingine kabisa. Kule nyuma kuta zinatoka na kuingia, paa moja limepanda na jingine limeshuka, madirisha hayalingani, na kila nyumba ina sura yake. Sababu ni kwamba kilichouzwa hapo mwanzo kilikuwa uso tu. Kila mnunuzi alichukua kipande chake cha ukuta wa mbele kama kilivyochorwa, kisha akatafuta fundi wake mwenyewe wa kumjengea nyumba nyuma ya ukuta huo, kwa kadiri ya haja zake na uzito wa mfuko wake.

Nyumba za namna hii hujulikana kwa jina la mtindo wa Kijojia, kwa kuwa zilijengwa katika zama za wafalme wanne wa Uingereza waliofuatana kwa jina moja la George, kuanzia mwaka 1714 hadi 1830. Huenda msomaji akauliza, nasi wa visiwani yanatuhusu nini majumba ya Waingereza wa zamani hizo? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, si chache kati ya nyumba hizo zilizojengwa kwa mali iliyotoka visiwani, katika mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa. Pili, wakuu wa miji ile walipoanza kuzihifadhi walifanya makosa ambayo ofisi zetu zenye dhamana ya majengo ya kale zingefaidika kwa kuyajua mapema.

Tuanze na uso, maana hauwezi kudharauliwa. Nyumba ya Kijojia iliyokamilika ni kama sanduku lililochongwa kwa timazi. Mlango upo katikati, na kutoka kwenye mlango huo mtu anaweza kupiga mstari wa kufikirika hadi juu ya paa, na upande wa kulia ukawa sawa na wa kushoto kama kiganja na kiganja. Chini kuna madirisha mawili kila upande wa mlango. Juu yapo matano, na la katikati limekaa juu ya mlango barabara. Paa halikuinuka sana, na mara nyingi limefichwa nyuma ya ukuta mfupi ili mtazamaji wa njiani asilione. Hata dohani za kutolea moshi zimegawanywa, moja huku na moja kule. Sisi tuliopitia chuoni tunakumbuka jinsi mwalimu alivyotupigia mistari juu ya ubao kabla hatujaruhusiwa kugusa wino, na herufi iliyotoka nje ya mstari ikafutwa. Waashi wa Kijojia nao walifanya kazi yao chini ya mistari ya namna hiyo.

Wala mtu asidhani kwamba mistari ile ilikuwa ya urembo peke yake. Andrea Palladio, mwashi na msanifu wa Vicenza katika nchi ya Italia, ambaye ndiye mwalimu wao mkuu ingawa alifariki mwaka 1580, alieleza wazi katika kitabu chake cha mwaka 1570 kwamba dirisha liwekwe juu ya dirisha na ukuta juu ya ukuta, uwazi juu ya uwazi na kigumu juu ya kigumu. Ukuta ulioanza chini ukikutana na uwazi juu yake hukosa cha kubeba, na uwazi uliobebeshwa ukuta hupasuka. Fundi yeyote wa chokaa na mawe katika pwani yetu atakubali neno hili bila ya kuambiwa limetoka Italia.

Kadhalika madirisha yenyewe. Yale ya ghorofa ya heshima, ambayo aghalabu ni ghorofa ya kwanza juu ya ile ya chini, ni marefu kuliko yote. Yanayofuata juu yake yanapungua. Na ya juu kabisa yanakaribia kuwa ya mraba. Dirisha lina fremu mbili za mbao, moja hupandishwa na moja hushushwa, na mara nyingi kila fremu imegawanywa vioo vidogo sita. Vioo vilikuwa vidogo kwa sababu ya namna vilivyotengenezwa: fundi alipuliza kioo cha moto, akakizungusha mpaka kikatandazika kama sinia, na sinia hilo halikutoa vipande vikubwa. Juu ya mlango, ndani ya nusu duara, kuna kioo kilichogawanywa kwa vijiti mfano wa upepeo uliokunjuliwa. Wengi hukisifu kwa uzuri wake. Kazi yake hasa ilikuwa kuingiza mwanga katika ukumbi wa kuingilia, ambao kwa kuwa umebanwa katikati ya nyumba haukuwa na dirisha lake wenyewe. Pembeni mwa mlango zimesimama nguzo mbili, au mfano wa nguzo bapa zilizogandamana na ukuta, zikibeba pembetatu ya mawe au ya mbao, umbo lililochukuliwa katika mahekalu ya Warumi na Wayunani.

Fikra hizo hazikufika Uingereza kwa siku moja. Inigo Jones alikwenda Italia, akarudi na mafunzo ya Palladio, na mwaka 1616 akaanza kumjengea malkia nyumba yake huko Greenwich. Lakini ilipita karibu karne nzima kabla mtindo huo haujawa wa watu wengi. Kuanzia mwaka 1715 vitabu vya michoro vikaanza kupigwa chapa kwa Kiingereza, na baadaye vikatoka vingine vidogo, vya bei nafuu, vilivyowalenga maseremala na waashi. Kuanzia hapo fundi wa mji mdogo ambaye hakuwahi kuvuka bahari aliweza kupima mlango wa Kirumi kwa rula yake mwenyewe. Uzuri wa miji ile haukutegemea wasanifu mashuhuri tu. Ulitegemea kipimo kilichojulikana na mafundi wengi.

Ulitegemea pia sheria, na hapa watumishi wa serikali wanisikilize. Moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 uliteketeza mji uliokuwa wa mbao. Sheria ya mwaka 1667 ikaamuru nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, ikazigawa katika madaraja manne, na kila daraja likapewa idadi ya ghorofa na unene wa kuta. Sheria ya mwaka 1709 ikataka fremu za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kiasi cha inchi nne ili moto usirukie mbao kwa wepesi. Ile ya mwaka 1774 ikazidi kuzificha. Kile kivuli kizuri kinachozunguka dirisha la Kijojia, ambacho wachoraji wanakipenda, kimetokana na hofu ya moto na kalamu ya karani.

Serikali hiyohiyo iliweka kodi ya madirisha mwaka 1696 na haikuiondoa mpaka mwaka 1851, na wako waliojiziba mwanga kwa matofali ili walipe kidogo. Lakini si kila dirisha lililozibwa lilizibwa kwa ajili ya kodi. Mengine yalijengwa yakiwa yameziba tangu siku ya kwanza. Nyuma yake palikuwa na dohani, au ngazi, au ukuta wa kugawa vyumba, na dirisha la kweli halikuwezekana. Basi mwashi akachonga umbo la dirisha, na wengine hata wakalipaka rangi lifanane na kioo, ili upande mmoja usipungukiwe na kile kilichopo upande wa pili. Ulinganifu ukikosekana ndani, nje ulitengenezwa kwa uongo.

Na tuingie ndani. Huko mizani ya nje haikupatikana katika maisha ya waliokaa humo. Urefu wa madirisha ni kama daftari la vyeo: palipo na madirisha marefu ndipo walipokaa mabwana na wageni wao, na kadiri madirisha yanavyopungua ndivyo cheo cha mtu kinavyopungua, mpaka chini ya paa walikolala watumishi, wakiungua siku za joto na kuganda siku za baridi. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa njia, na mbele yake palichimbwa uwazi uliozungushiwa vyuma ili mwanga upate kushuka. Mtumishi hakuingia kwa mlango ule wenye nguzo. Aliteremka ngazi za uwazi huo. Maji, makaa, chakula na vyungu vya usiku vyote vilipanda na kushuka ngazi kwa mikono ya watu ambao mpango mzima wa nyumba ulikusudia wasionekane.

Iko nyumba moja ambapo mambo haya yanasomeka kwa urahisi. Ni nyumba namba 7 katika njia ya Great George Street, mjini Bristol, si mbali na Bath, nayo sasa ni makumbusho. Ilijengwa kiasi cha mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mfanyabiashara wa sukari. Uso wake ni wa mawe, wenye adabu na usio na makeke. Ndani kuna vyumba vya kulia na kupokea wageni, na chini kabisa kuna jiko, chumba cha msimamizi wa nyumba, na birika la mawe ambamo mwenye nyumba alijitosa katika maji baridi kwa ajili ya afya yake. Ukimuuliza Pinney mali ile ilitoka wapi, angekutajia Nevis.

Nevis ni kisiwa cha bahari ya Karibi ambacho hakifikii hata kilomita za mraba 100; Pemba ni kubwa kuliko hicho mara nyingi. Pinney alikuwa na mashamba ya miwa huko, na watumwa wa kuyalima. Mwaka 1765 alimnunua mtoto wa miaka 12 aitwaye Pero, pamoja na dada zake wawili waliokuwa wadogo kuliko yeye. Pero hakupelekwa kukata miwa. Alifanywa mtumishi wa bwana mwenyewe, akajifunza unyozi na kung'oa meno. Pinney alipohamia Bristol mwaka 1783 alimchukua, na ile nyumba ya mawe ilipokwisha Pero akatumika humo. Alimtumikia bwana huyo kwa zaidi ya miaka 30, akafa mwaka 1798, wala hakupewa hati ya uhuru. Katika nyumba hiyohiyo alifanya kazi pia Fanny Coker, aliyezaliwa mtumwa Nevis na kuachwa huru mwaka 1778, akiwa mshonaji na mlezi wa watoto. Basi tukisema kwamba upande wa kulia wa uso wa nyumba ile ni sawa na wa kushoto, tuseme vilevile kwamba kisiwa kizima kilikuwa kinabeba pande zote mbili, na hakionekani katika mchoro.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833. Fidia ya pauni milioni 20 ilitolewa, na waliopewa ni mabwana. Serikali ilikopa ili iwalipe, na deni lililotokana na mkopo huo halikumalizika kulipwa mpaka mwaka 2015. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu. Wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Wazee wa Unguja na Pemba hawana haja ya kueleweshwa mambo haya kwa kirefu. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa hapa kwetu, chini ya shinikizo la Waingereza walewale, nayo ilimtaka mtumwa aende mahakamani kuomba uhuru wake, na fidia ikaenda kwa bwana mwenye shamba la karafuu.

Ikiwa mtindo huu ulijengwa kwa mali ya visiwa, haukukosa pia kuvuka bahari na kurudi visiwani. Mji wa Falmouth katika Jamaika, ulioanzishwa mwaka 1769 uwe bandari ya sukari, umejaa nyumba za Kijojia, na mtu wa pwani akiziona atazielewa upesi kuliko alivyoelewa zile za Bath. Mlango upo katikati na madirisha yamelingana, lakini hali ya hewa imeusahihisha mchoro. Ghorofa ya chini ni ya mawe na ya juu aghalabu ni ya mbao. Mahali pa vioo vidogo vidogo pamewekwa mbao nyembamba zilizolazwa kwa mshazari, zinazopitisha upepo na kuzuia jua, kama tulivyozoea sisi katika madirisha yetu. Ghorofa ya juu imetokeza mbele ikasimama juu ya nguzo, na mpita njia akapata kivuli. Wengi wa maseremala na waashi waliozijenga walikuwa watumwa, na kwa mikono yao kipimo cha Palladio kilifundishwa kupumua katika joto. Ni katika mji huohuo, usiku wa kuamkia Agosti 1, 1838, walioachwa huru walipolitia kaburini jeneza lenye mjeledi na minyororo.

Sasa nirudi Bath, kwa ajili ya wale ambao kazi yao ni kuandikisha na kuhifadhi. Mji ule ulipigwa mabomu mwezi Aprili 1942, na zaidi ya watu 400 walikufa. Lakini nyumba nyingi za Kijojia zilizopotea huko baada ya vita hazikubomolewa na adui. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri ya mji yenyewe ilivunja mitaa mizima. Haikugusa Royal Crescent, wala uwanja wa Queen Square, wala ile duara ya nyumba iitwayo Circus. Zilizovunjwa ni nyumba ndogondogo walimokaa waashi, wachukuzi, wafuaji nguo na wachuuzi, ambazo nazo zilikuwa na milango yao iliyopangwa kwa mizani na madirisha yao yaliyopimwa kwa kitabu kilekile. Moja moja hazikuonekana kuwa na thamani kubwa, kwa hiyo zikavunjwa moja moja, mpaka mitaa ikawa haipo. Mwaka 1973 mwandishi Adam Fergusson alitoa kitabu kilichouita mwenendo huo utekaji nyara wa Bath, watu wakapiga kelele, na hatimaye ubomoaji ukasita.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 palitokea kisa kingine, nacho kinachekesha kwa namna yake. Bibi mmoja mwenye nyumba katika Royal Crescent aliupaka mlango wake rangi ya manjano badala ya nyeupe. Halmashauri ile ikamwandama aurudishe ulivyokuwa, shauri likapanda hadi kwa waziri, na waziri akaamua kwamba mlango wa manjano ubakie. Mimi sina ugomvi na rangi nyeupe, na nakubali kwamba safu iliyochorwa kuwa uso mmoja inahitaji kulindwa dhidi ya kila mtu kujifanyia apendavyo. Lakini mizani gani hii, ambapo mlango mmoja wa tajiri huleta kesi mpaka kwa waziri, na milango ya mitaa ya wanyonge huondoka kwa lori la kifusi?

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, miaka 13 baada ya Bath. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jengo lile la mwaka 1883 linastahili kila shilingi inayotafutwa kwa ajili yake. Ombi langu kwa afisa anayetumwa kuandikisha nyumba za kale ni dogo. Akishaandika mlango wa nakshi, boriti na baraza, asifunge daftari. Apande mpaka chumba cha juu kabisa, ashuke mpaka jikoni na kisimani, aulize nani alilala wapi na nani alibeba maji, kisha atoke kwa mlango wa nyuma atazame nyumba za jirani zisizo na nakshi, aziandike nazo kwa majina ya mitaa yake, maana hizo ndizo huanguka bila ya kupigiwa mbiu.

Nyumba ya Pinney ilifunguliwa kuwa makumbusho tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, na kwa muda mrefu watu walikwenda kutazama samani na dari zake. Mwaka 1999 mji wa Bristol ulifungua daraja la waendao kwa miguu katika bandari yake ya zamani, ukalipa jina la Pero. Kutoka mlango wa nyumba ile hadi darajani ni mwendo mfupi, nao ni wa kuteremka.